Aje Mlangoni kwa Miguu Yake

Patan,
2 Mei 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naishika miguu yako kutoka huku huku Patan. Sisi wazima, Jyotsna na watoto wanakusalimu sana, na jua linatukaanga bila mafuta. Wewe hujambo? Kichwa kinauma bado? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, na herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikajiuliza, mama yangu ana haraka ya kwenda wapi?

Sasa kaa chini kwanza. Watawa wetu wa Kijaini wamefika hapa juzi kutoka Marwar: Guruni Charitrashri, mwalimu wao, mtawa mwenzao mmoja wa kike, bado kijana, na dada yangu. Amri imetoka kwa mkuu wao kwamba miezi minne ya mvua mwaka huu wataikalia Palitana. Palitana, Mama, hapo chini ya mlima wako wa mahekalu. Wanaondoka keshokutwa kwa miguu, pekupeku, kama kawaida yao. Nimemwachia Jyotsna duka la vitambaa, nafuatana nao niwaulizie njia na kuwatafutia mahali pa kupumzika.

Unajua sheria yao. Tarehe kumi Julai miezi ya mvua inaanza, na popote itakapowakuta hapo ndipo watakapokaa mpaka iishe, hata kama wameiona Palitana kwa macho. Muda upo wa kutosha, tusipochelewa njiani.

Haya, na ile nadhiri yako. Siku dada aliponyolewa kuwa mtawa ulikataa kuja, ukaenda kuapa mbele ya mtawa mzee kwamba hutamwendea, wala hutakula samli, mpaka aje mlangoni kwako kwa miguu yake mwenyewe. Sasa anakuja. Nikubebee mkebe wa samli, au bado umenuna?

Mwanao,
Bipin

*

Palitana,
10 Mei 1976

Mwanangu Bipin,

Marahaba, Mungu akuweke. Mimi sijambo, kichwa ni kile kile. Nakuandikia Ahmedabad, kwenye nyumba ya watawa, maana najua mtapitia hapo.

Samli usilete. Alete miguu yake kwanza. Nimekula roti kavu, chapati isiyopakwa samli, miaka yote hii na sijafa.

Tena unaandika "dada yangu" kwenye barua, na mbele yake unamwita Maharaj na kumwinamia mpaka chini. Mimi namwita Hansa. Niliyemzaa ni mimi, si Guruni. Baba yenu, Mungu amrehemu, alitoa idhini bila hata kuniuliza, kama anayempa jirani ngazi. Ndiyo maana nilifunga mlango siku ile. Usinifundishe kununa.

Umeuliza herufi. Sikutaka kukwambia, lakini utasikia kwa watu. Ni presha ya macho. Daktari wa Bhavnagar anasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Pembeni giza. Dawa ya matone natia, lakini hakuniahidi kitu.

Ninachotaka ni kimoja. Nimwone mwanangu uso kabla bomba halijaziba. Lakini asiambiwe, nakukanya. Akija kwa kunionea huruma atakuwa hakuja kwangu, atakuwa amekuja kutazama wagonjwa. Nataka aje kwa sababu mimi ni mama yake.

Mwangalie miguu. Kile kidole kidogo cha mguu wa kushoto bado kimempanda mwenzake, kama cha baba yenu? Alipokuwa mchanga nilikinyoosha kwa mafuta kila jioni, kikarudi pale pale. Ukaidi aliuanza mapema.

Mama yako

*

Ahmedabad,
27 Mei 1976

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta hapa, nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi kwenye ngazi nikaisoma tena. Kwa nini hukuniambia mapema? Ningefunga duka nikaja. Unaficha jambo kama hili kisha unaniuliza habari za kidole.

Kidole kipo, kimempanda mwenzake vile vile. Nyayo zake, Mama, zimekuwa ngumu kama soli ya kiatu, na visigino vimepasuka. Mimi navaa viatu vya kitambaa na bado jioni nachechemea. Yeye anakanyaga lami ya mwezi wa tano kama anakanyaga sakafu ya jikoni kwako. Yule kijana mwenzake ananicheka kichinichini. Nastahili.

Sasa habari mbaya. Guruni ameshikwa na homa. Ni bibi mzee, na barabara ya Mehsana ilikuwa tanuru. Mganga amesema apumzike mpaka homa iishe kabisa, kwa hiyo tumekwama hapa mjini na siku zinakatika. Kupanda gari hawapandi, hata mtu awe anakata roho, na mtawa hatembei peke yake. Akilala mmoja wamelala wote.

Jana nilikaa karibu na Maharaj akishona kwa uzi kibakuli cha maji cha kibuyu kilichopasuka ukingo. Neno lilinijia mpaka mdomoni. Nikasema tu, "Mama anakusalimu." Akashona mshono mmoja, akauliza, "Bado anapanda mlimani?" Nikasema anapanda. Akasema ni vizuri, akaendelea kushona. Sijui kama nimesema uongo.

Niruhusu nimwambie. Kwa heshima yote nakuomba.

Mwanao,
Bipin

*

Palitana,
5 Juni 1976

Mwanangu,

Marahaba. Naandikia Dhandhuka, utaikuta huko kama mmeshatoka kitandani.

Hukusema uongo. Mlimani napanda, ila sipandi kwa miguu tena, nabebwa. Raghav na ndugu yake, wapagazi wa mlimani, wananiweka kwenye machela na kunipeleka mpaka mlango wa juu. Huyo Raghav hana adabu hata kidogo. Jana ananiambia, "Bibi, miaka yote unakula roti kavu, mbona hupungui? Bega langu linalalamika." Nikamwambia bega lake linakula kuliko mimi.

Lakini nikuambie la kweli. Nilipofika mbele ya sanamu ya Bwana Adinath, macho yake makubwa ya kioo sikuyaona. Mwezi uliopita niliyaona yote mawili kwa pamoja. Jana nililiona moja, nikageuza shingo nikalitafuta la pili, nikalipata, na la kwanza likapotea. Nilisimama nikiyatafuta hivyo hivyo mpaka watu walionifuata nyuma wakaanza kukohoa. Nimeogopa, Bipin. Sijawahi kuogopa mbele yake.

Na mlima nao mvua ikianza haupandwi, unajua. Nilikuwa nimejipangia kichwani, afike, apumzike, kisha tupande pamoja mara moja tu, yeye mbele mimi kwenye machela. Sasa naona hata kufika kwenyewe ni bahati.

Ruhusa sitoi. Nilichosema nimesema. Harakisheni.

Mama yako

*

Dhandhuka,
18 Juni 1976

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata hapa, lakini nilikuwa nimeshafanya jambo. Usinigombeze mpaka umalize kusoma.

Kwa Maharaj sikusema. Nilimwambia Guruni, siku tuliyotoka Ahmedabad. Ulikataza asiambiwe Hansa, mwingine hukumtaja. Nilimweleza macho, nadhiri, mlima, vyote. Yule bibi alinisikiliza ameinamisha kichwa, amelaza mapajani ule ufagio wa sufu wa kuondolea wadudu njiani. Nilidhani ataniambia habari ya mtawa kutokuwa na mama. Aliniuliza tu kijiji kinachofuata kiko umbali gani, na kinachofuata baada ya hicho.

Tangu siku hiyo tunatembea mara mbili. Zamani tulitembea asubuhi tu, jua likipanda tunapumzika. Sasa jua likianza kulala Guruni anachukua fimbo yake anatoka, na wengine lazima wamfuate. Amepona homa juzi tu. Maharaj alimwuliza, "Guruni, haraka ya nini?" Akajibiwa, "Mawingu." Na kweli mawingu yapo, yamekaa upande wa baharini kama marobota ya pamba.

Mvua ndiyo ninayoiogopa. Ikishanyesha, majani yanaota njiani na wadudu wanatoka, na wao hawakanyagi jani bichi. Tukifika Vallabhipur bila mvua tumeokoka.

Tutafika, Mama. Tia dawa yako.

Mwanao,
Bipin

*

Vadaliya,
29 Juni 1976

Mama,

Shikamoo. Hatujafika.

Tuko Vadaliya, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwako. Wingu likiondoka nauona mlima, na mahekalu juu yake kama punje za mchele. Mvua ilitukamata juzi jioni tukiwa njiani. Guruni hakutaka kusimama chini ya paa la ghala, alisema kijiji ni hapo tu. Akateleza kwenye tope la daraja. Goti limevimba, limekuwa kubwa kuliko kichwa cha mtoto, na mguu haukunjiki wala haunyooki. Wajaini wachache wa hapa wametupa nyumba yenye vyumba viwili.

Nami nimevunja ahadi. Guruni alipoanguka, Maharaj alipiga magoti kwenye tope akimshika, akaniuliza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, "Bipin, amekimbilia nini huyu?" Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimelowa chepechepe. Usiku kucha alikaa ameelekea ukutani.

Imebaki kama wiki na siku kidogo. Mvua ikipumzika na goti likishuka, bado inawezekana.

Mwanao,
Bipin

*

Palitana,
1 Julai 1976

Bipin,

Barua hii inaletwa na Raghav, na machela ameyabeba na ndugu yake. Mtawa mgonjwa anaruhusiwa kubebwa, nimeuliza, atafanya toba yake baadaye. Mwekeni Guruni kwenye machela, mfunikeni na turubai, mje. Raghav anasema atambeba kama yai.

Kunisaliti kwako tutakuongelea nikikuona. Kama nitakuona. Tangu juzi jicho la kushoto halinipi kitu isipokuwa ukungu. Limebaki la kulia.

Mwambie Guruni namshukuru. Sikujua. Nilimsema vibaya miaka yote.

Njooni.

Mama yako

*

Vadaliya,
3 Julai 1976

Mama,

Shikamoo. Raghav anarudi kwako na machela matupu. Nakuandikia huku analala kidogo, ananiharakisha.

Guruni alikubali kubebwa. Kwa ajili yako alikubali. Tulipomwinua alizimia mikononi mwetu. Mganga wa hapa anasema ni mfupa, akitikiswa barabarani mguu hautapona. Alipozinduka akamwita Maharaj na yule kijana, akawaambia mbele yetu sote, "Ninyi wawili nendeni. Mimi wanawake wa kijiji wataniangalia. Ni amri yangu."

Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Barabara ilikuwa wazi, Mama. Mchana wangekuwa kwako.

Maharaj akamwinamia, akasema, "Amri yako nimeishika siku zote. Hii nisamehe. Aliyeanguka kwa ajili ya mama yangu, nimwache chini nikamwone mama yangu?"

Guruni akageuza uso. Mimi nikatoka nje. Raghav alikaa kwenye ngazi analia, na hata hawajui watu hawa.

Sina la kuongeza. Nisamehe.

Bipin

*

Palitana,
5 Julai 1976

Bipin,

Barua nimesomewa na jirani, kwa hiyo aibu yangu sasa ni ya mtaa mzima.

Amechagua. Mara ya kwanza alichagua nikiwa na macho, na sasa amechagua nikiwa sina. Barabara ilikuwa wazi, umeandika mwenyewe. Wewe na baba yako na Guruni, wote mna huruma ya kumwelewa. Na mimi nani ananielewa?

Rudi dukani kwako. Usiniandikie.

(Hakuna aliyetia sahihi.)

*

Patan,
26 Julai 1976

Mama,

Shikamoo. Umenikataza kuandika, nami naandika. Nichape ukiniona.

Nilikaa nao mpaka tarehe kumi ilipopita. Mlango wa miezi minne umefungwa. Maharaj hawezi kutoka Vadaliya mpaka mvua ziishe, hata ukiniambia Palitana inaungua. Nikapita mlangoni kwako nikirudi. Nilijua umo ndani, nilisikia bangili. Hukufungua.

Sikia basi, maneno haya nimeyabeba njia nzima ndani ya basi. Kati yenu wawili miguu inayoruhusiwa kutembea sasa ni yako tu. Yeye amefungwa na sheria aliyopewa. Wewe umejifunga mwenyewe, tena kwa hasira, na ukamshikisha mtawa mzee kamba. Kumwendea ni mwendo wa asubuhi moja. Nadhiri ina toba yake, mtu anaivunja, anatubu, anafunga siku chache, yamekwisha. Jicho halina toba. Likizima limezima.

Hasira yako naijua, nimeirithi. Lakini usije ukakaa gizani miaka iliyobaki ukiwa umeshinda.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mwanao,
Bipin

*

Patan,
13 Agosti 1976

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kimenishinda. Jirani yako amemwandikia Jyotsna kwamba chumba chako kina kufuli tangu mwanzo wa mwezi, vyombo vya jikoni havipo, na Raghav naye haonekani. Nimeuliza hospitali ya Bhavnagar kwa simu, nikashikilia simu mpaka kichwa kikauma, hawana jina lako. Jyotsna ananiambia nisifikirie mabaya, huku yeye mwenyewe hali chakula.

Naituma barua hii nyumbani kwa Raghav, kwa ndugu yake, kwa kubahatisha. Kama iko mikononi mwako, usiniadhibu hivi. Nikikosa jibu, Jumatatu ya tarehe 23 napanda basi nije kukutafuta.

Bipin

*

Vadaliya,
17 Agosti 1976

Mwanangu Bipin,

Marahaba, na pole. Mimi ni mzima. Mistari ikipanda na kushuka usinicheke, naandika kwa kuweka rula na kusogeza kidole, na Raghav yuko hapa ananiambia karatasi inapoishia.

Kwanza jambo moja liwe wazi. Sikumwendea. Nimehama nyumba. Mtu haruhusiwi kuhama nyumba? Nimepanga chumba cha uani kwa mjane mmoja hapa Vadaliya, kina mlango unaotazama njia. Raghav amenileta kwa machela pamoja na sufuria zangu, analalamika njia nzima kwamba sufuria nzito kuliko mimi. Mlimani hana kazi msimu huu, kwa hiyo anapiga domo tu. Nyumba ya watawa iko upande wa pili wa kisima. Kule sikwenda hata hatua moja, muulize yeyote. Nilikaa mlangoni kwangu.

Unajua desturi yao. Saa ya chakula mtawa anatoka na vibakuli vyake, anapita nyumba hadi nyumba, anachukua kidogo hapa kidogo pale. Nyumba atakayoingia haisemi mapema, na chakula alichopikiwa yeye hakipokei. Kwa hiyo nilikuwa napika roti zangu tu, kama kila siku, naacha mlango wazi. Kumwita siwezi, ningekuwa nimevunja. Kumpikia siwezi, asingepokea. Nilikaa tu kwenye kizingiti kama mtu aliyepotelewa na kuku.

Siku ya kwanza alikuja yule kijana. Nikampa roti, nikafunga mlango nikalia. Halafu ikanyesha, na mvua ikinyesha hawatoki, wanashinda na njaa. Na mimi roti niliiweka kando, nilijua wako pale ng'ambo hawajala. Ikakatika, akatoka, nikasikia nyayo zikienda nyumba za juu. Kesho yake zikaenda nyumba za juu tena. Nikasema basi, amejua niko hapa na ananipita. Nilimtukana moyoni, sikufichi. Raghav akaniambia, "Bibi, turudi?" Nikamwambia arudi yeye.

Jana jua lilitoka. Nilikuwa nageuza roti, nikasikia mlangoni lile neno lao la baraka, wanalowapa watu wote. Sauti ni yake. Nilisimama vibaya nikaunguza kidole. Nikageuka, na mwanga wote ulikuwa mgongoni kwake, Bipin. Nilitafuta uso kwa lile jicho moja, nikaona nguo nyeupe inayowaka na katikati yake weusi. Nilitafuta huku na huku kama nilivyoyatafuta macho ya Bwana. Nimesubiri miaka yote hiyo na uso sikuuona.

Nikainamisha kichwa kwa uchungu. Na pale chini, kwenye kizingiti changu, mwanga ulikuwa mzuri. Nikaona mguu. Bomba langu linatosha mguu mmoja. Kisigino kimepasuka, tope la kisimani, na kile kidole kidogo kimempanda mwenzake. Nilikitazama mpaka nikashiba.

Akauliza kama wanavyouliza kila nyumba, "Chakula hiki ni chenu wenyewe?"

Nikasema, "Ni changu, Maharaj. Roti mbili, na sijampikia mtu."

Ndiyo, nilimwita hivyo. Lilitoka lenyewe. Akasogeza kibakuli, nikaweka moja. Akauliza, "Kavu?" Nikamwambia nyumba hii haina samli. Mtawa hakai mlangoni muda mrefu, lakini yeye alikaa. Kibakuli chake kilikuwa bado kinagusa bangili zangu.

Kisha akasema, "Nadhiri yako imetimia. Ifungue." Akanisomea maneno ya kuifungulia, nikayafuata moja moja kama mwanafunzi. Akaenda nyumba ya pili.

Leo amepita nyumba za juu. Kesho sijui. Nitaacha mlango wazi kama wengine wanavyoacha. Guruni anasimama sasa kwa kushika ukuta, nimempelekea salamu kwa yule kijana.

Ile roti ya pili bado sijaila. Jumatatu ukija, shukia hapa Vadaliya, uliza Raghav, kila mtu anamjua kwa kelele. Na uniletee ule mkebe wa samli. Mkubwa.

Mama yenu